Upepo Mdogo, Bahari Kubwa: Niliyojifunza Kati ya Tanga na Wete

Watu wengi huamini kusi, upepo utokao kusini, ndiyo mbaya, na kaskazi, utokao kaskazini, ndiyo ya raha. Kwa mvuvi wa Makunduchi au Jambiani, anayepokea mawimbi ya bahari kuu usoni tangu Juni hadi Agosti, simbishii. Ila mimi umri wangu wa kazi umeishia baina ya Tanga na Wete ya Pemba, mwanzo kwenye jahazi la tanga na sasa kwenye boti ya mashine, na kwa kipande kile cha bahari nina maneno mengine. Kusi ya noti 20, karibu kilomita 37 kwa saa, tumeivuka na abiria wakashuka wanacheka. Kaskazi ya noti 14 imeshawatapisha watu wazima, ikalowesha magunia ya unga mpaka ndani, na ipo siku nimeigeuza boti nikarudi Tanga na mzigo wote.

Sababu ni mkondo, na mkondo hauonyeshwi kwenye zile ramani za rangi ambazo vijana wanazo kwenye simu.

Maji yetu hayakai. Uko mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita kaskazini mwa Madagaska, kisha unaipiga pwani karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo unagawika. Tawi moja linashuka kusini, jingine linapanda kwetu: Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa. Hili tawi letu haligeuki. Ivume kusi, ivume kaskazi, lenyewe laelekea kaskazini mwaka mzima. Kinachobadilika ni mbio zake. Msimu wa kusi upepo unalisukuma kwa nyuma na linaweza kufika noti 4. Msimu wa kaskazi linapoa, noti moja au pungufu, na huko Kenya ya kaskazini linakutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, yote mawili yakageukia bahari kuu.

Halafu kuna umbo la mahali penyewe. Unguja na Mafia zimekaa kwenye maji mafupi. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kina unachopita ni makumi ya mita tu. Pemba haikukaa hivyo. Kati yake na bara kuna shimo refu la mamia ya mita, na mkondo unaoingia pale unabanwa na kisiwa upande mmoja na mwambao upande wa pili, ukapata kasi.

Sasa weka upepo juu ya maji hayo. Kusi inavuma kuelekea kule kule maji yanakokwenda, basi wimbi linarefuka, linalala, chombo kinapanda na kushuka kwa adabu. Kaskazi inakuja kwa kinyume. Wimbi likijiwa usoni na maji hupungua mwendo na kufupika, na kwa kuwa nguvu yake haina pa kwenda, hupanda juu. Kichwa chake huwa chembamba, hudhoofika, kikavunjika. Upepo wenyewe hata kofia haukuvui. Bahari ndiyo imesimama.

Nahodha aliyenilea kazini alikuwa mzee wa Mtambwe. Ukimtajia takwimu za mkondo angekutazama tu. Lakini tazama alivyokuwa akivuka. Kwenye ramani Wete iko mashariki ya Tanga, karibu sawasawa kabisa, na mgeni angeelekeza omo, pua ya chombo, mashariki akaenda zake. Mzee wangu, msimu wa kusi, hakufanya hivyo hata siku moja. Tuliondoka Tanga usiku, umande, ule upepo wa usiku, unapotoka nchi kavu, tukapita ndani ya visiwa vya Yambe na Karange, tukishuka kusini tumeushika mwambao. Ndani ya miamba kule mkondo hauna nguvu. Tukifika Kigombe, mara nyingine hata kuelekea Pangani, tunatia nanga, tunachemsha chai, tunangoja kupambazuke. Kisha tanga linatwekwa na omo inaelekezwa Mkoani, si Wete. Anaishikilia hapo hapo mpaka adhuhuri.

Mimi kijana, nimekaa sitahani, naona jambo la ajabu: omo inatazama Mkoani, lakini kisiwa kizima kinateleza pole pole kwenda mkono wa kulia. Mzee hana habari na omo, anatazama Misali. Amekipanga kile kisiwa kidogo na kilima kilicho nyuma yake, na kwa jinsi viwili hivyo vinavyoachana anajua tunachukuliwa kwa kiasi gani. Vikiachana haraka anaagiza demani, kamba ya tanga, ivutwe, chombo kipande zaidi juu ya upepo. Vikitulia analegeza. Siku nzima kazi yake ni hiyo, na saa za alasiri tunaingia Wete kana kwamba tumevutwa kwa kamba.

Siku moja nilimwuliza kwa nini tusiende moja kwa moja, tuokoe usiku mzima. Akanijibu: "Mwanangu, ukikosa Ras Kigomasha, salamu zako zitapokelewa Mombasa." Kigomasha ni ncha ya kaskazi ya Pemba, ile yenye mnara wa taa. Ukishaipita kwa tanga wakati wa kusi, kurudi ni kazi ya siku kadhaa, kama maji ya kunywa yatatosha.

Mzee yule pia alihesabu miongo. Siku ya mwaka ikishapita, ile ya Nairuzi ambayo Makunduchi huifanyia sherehe mwezi Julai, yeye anahesabu siku kumi kumi, na anajua mwongo gani kusi hufungua na mwongo gani bahari hutulia. Alikuwa akibishana sana na wenzake, maana mwaka ule ni wa siku 365 bila ile siku moja ya nyongeza kila mwaka wa nne. Miaka 40 ikipita, mwongo mzima, yaani siku kumi, umeteleza. Hesabu aliyoachiwa na babu yake hailingani tena na upepo, na yeye alikuwa amekwisha kuirekebisha kichwani bila kumwambia mtu. Waliokariri bila kurekebisha ndio waliokuwa wakisema majira yameharibika.

Nije kwenye kaskazi. Ilikuwa Januari, tumepakia vitunguu, viazi na mifuko ya saruji pale Tanga. Gari la vitunguu lilichelewa, na kwa kaskazi kuchelewa ni jambo kubwa: alfajiri bahari huwa imelala, jua likishapanda nchi kavu hupata moto, upepo wa baharini unaongezeka juu ya kaskazi yenyewe, na mchana unakuta viwili vimeungana. Mpwa wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kushika usukani, alinionyesha simu. "Mjomba, noti 14. Kijani kote. Twende."

Tulitoka. Nyuma ya Ulenge maji yalikuwa ya kijani na mawimbi madogo ya kawaida, yale ambayo chombo huyapiga tu na kupita. Tukaendelea hivyo mpaka tukaufikia mstari. Kila anayevuka pale anaujua: upande wa huku maji ya kijani, upande wa kule buluu ya kukoza, na katikati uzi mrefu wa povu, majani ya mikoko, chupa za plastiki na mwani uliokauka. Hapo ndipo sakafu ya bahari inapoanguka na mkondo wenyewe unapoanzia. Hatukumaliza hata maili mbili ng'ambo ya mstari, boti ikaanza kudunda. Wimbi la kwanza likainua omo, la pili likaja kabla omo haijashuka, la tatu likatukuta tumeanguka katikati ya mawili. Rafadha ikatoka majini, mashine ikalia kelele tupu, kisha ikazama tena kwa kishindo. Mpwa wangu aliitazama simu kana kwamba imemsingizia.

Nilimwambia apunguze mwendo, maana mwendo ndio unaoivunja boti na si wimbi. Awe anayapokea mawimbi kwa bega la omo, asiyapige kwa pua. Wale wawili wa sitahani wakasogeza mifuko ya mbele nyuma kidogo ili omo ipate kuinuka. Tukaenda hivyo kama nusu saa, na nikaona tunatumia petroli ya safari nzima kwa robo ya njia. Kugeuka nako kuna adabu yake. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa matatu au manne, kisha panakuwa na upenyo wa madogo. Unahesabu, unangoja la mwisho lipite, unageuza kwa nguvu kabla kundi jingine halijafika, kwa sababu ukikutwa ubavuni na wimbi linalovunja, saruji itahamia upande mmoja na mambo yatakuwa mengine.

Tulilala Tanga. Saa 10 alfajiri siku ya pili tukatoka na upepo ule ule kwenye simu, kijani ile ile, na jua linachomoza tayari tuko karibu na Misali, mpwa wangu anakula mkate kwa mkono mmoja. Saa chache tu ndizo zilizotofautisha safari mbili.

Simu siitukani. Mamlaka ya Hali ya Hewa nao siwatukani, tena mimi ni katika wanaosubiri taarifa zao kila jioni. Ila taarifa inahitaji msomaji, na sisi watu wa vyombo tulikuwa tunaisoma kama nauli: namba ndogo nzuri, namba kubwa mbaya. Chukua lile angalizo linalorudiwa kila msimu wa kusi, upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kilomita 40 ni noti 22 hivi, kwa kuwa noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Hapo kijana anasema, jana ilikuwa noti 11, leo ni 22, basi ni mara mbili. Hapana. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga, au kwenye ubavu wa boti, inazidi mara nne. Tanga uliloliachia wazi jana leo litang'oa mlingoti.

Na zile mita 2 si urefu wa kila wimbi, wala si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Wataalamu huchukua theluthi moja ya mawimbi, ile ya makubwa, wakatoa wastani wake. Maana yake mengi utakayokutana nayo yatakuwa madogo kuliko mita 2, lakini ukikaa baharini saa kadhaa, kuna moja litakuja karibu na mita 4. Nilipoelezwa hivyo na afisa wa hali ya hewa kwenye semina moja ya manahodha nilicheka peke yangu, maana wazee walikuwa wakituambia kila siku: wimbi la kukuua halimo katika yale unayoyaona.

Jambo la tatu ambalo sasa nalitazama kabla hata ya urefu ni nafasi kati ya wimbi na wimbi, ambayo simu huiandika kwa sekunde. Kwenye maji marefu, wimbi la sekunde 12 lina mita kama 225 kutoka kichwa hadi kichwa. La sekunde 6 lina mita 56 tu. Yape yote mawili urefu wa mita 2. La kwanza boti inalipanda bila hata chai kumwagika. La pili ni ukuta, na ukishuka ukuta huu mwingine umeshafika. Msimu wa kusi tunapata mengi ya yale marefu, yanayotoka kwenye dhoruba za mbali kabisa kusini na kutufikia hata siku isiyo na upepo. Hayo hayana ubaya katika bahari ya kati. Ubaya wake ni mwambani: yakifika kwenye kina kifupi yanainuka ghafla, na mtu aliyekuwa akivua kwa raha nyuma ya mwamba anajikuta amerushwa juu yake.

Kuna sehemu moja ya safari ambayo hakuna simu wala redio itakayokusaidia, nayo ni kuingia. Wete imejificha nyuma ya visiwa vya Fundo na wenzake, na unaingia kwa milango baina ya visiwa. Sasa maji ya kwetu hupanda na kushuka sana. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu huwa kidogo tu, mita moja na kitu. Maji yote yaliyoingia ndani ya hori ile kubwa lazima yatoke kwa milango ile ile myembamba, na yana saa sita tu za kutoka. Siku ya bamvua utayaona yanavyochemka mlangoni bila upepo wowote: duru za maji laini kama mafuta, kisha ghafla mstari wa vijiwimbi vilivyosimama wima. Boti ya mashine ndogo inaweza kupiga mwendo wote na mnazi wa ufukweni ukabaki pale pale.

Bahati nzuri bamvua ya kwetu ina saa zake. Siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa saa 10 hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Nikijua mwezi, najua saa. Kwa hiyo safari yangu naipanga kutoka mwisho kurudi mwanzo: lini maji yataniingiza Wete, kisha niondoke Tanga saa ngapi. Vijana huanza na saa ya kuondoka, na ndio hao unaowakuta wamefunga mashine nje ya mlango wanavuta sigara, wakingoja maji yageuke.

Mvua za masika sitazieleza sana, kwa kuwa anayeziogopa hana la kuongezewa. Neno moja tu. Ukiona wingu jeusi lenye sakafu iliyonyooka na chini yake pazia jeupe la mvua, na upepo uliokuwa ukivuma ukakata, na joto likazidi, basi ubaya uko njiani. Hewa iliyopozwa na mvua inaanguka kutoka juu na kutawanyika chini, nayo hutangulia mbele ya mvua yenyewe. Utaisikia baridi shavuni kabla hujalowa tone. Kwenye jahazi, baridi ile ikishagusa shavu tanga linapaswa liwe limeshatuliwa. Mzee wangu hakungoja amri ya mtu, alitua hata kama nahodha wa chombo cha jirani anapita amejaza tanga anatucheka.

Kuhusu vimbunga, sisi wa Pemba tulikuwa na kiburi. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba tufani kubwa ni za Madagaska na Msumbiji. Kiburi hicho kina msingi wake: kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kuzunguka, na msaada huo hufifia unapoikaribia ikweta, hata ndani ya nyuzi 5 vimbunga huwa nadra kabisa. Pemba iko pale pale kwenye nyuzi 5. Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu shamba kwa shamba. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo karafuu ikawa ya kwetu. Kwa hiyo mikarafuu iliyolisha ukoo wangu tuliinunua kwa hasara ya jirani. Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952, na wazee wa kusini bado waliikumbuka.

Mwaka 2019 kulitokea kioja. Aprili, redio zikatangaza kimbunga Kenneth kinaelekea Pemba. Simu yangu haikunyamaza. Ndugu wa Muscat, ndugu wa Dar es Salaam, wote wanalia: hameni, nendeni bara. Ilikuwa Pemba ya Msumbiji, mji wa jimbo la Cabo Delgado. Kimbunga kiliingia kaskazini mwa mji ule tarehe 25, wiki sita tu baada ya Idai kuipiga Beira, na watu wa kule waliumia sana. Sisi tulibaki na mawimbi na aibu kidogo ya kuona kwamba tulikuwa tumepumua baada ya kujua si sisi.

Miaka miwili baadaye Jobo alikuja hadi karibu na Dar es Salaam akaishiwa nguvu njiani. Watu wakasema, mnaona, hawa wa hali ya hewa wanatutisha. Kisha Mei 2024 akaja Hidaya. Tarehe 4 alifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kule Somanga. Boti za abiria za Dar na Unguja zilisimamishwa. Wete tulikuwa mbali na kitovu, lakini hakuna aliyesema tena habari za kutishwa. Vyombo vyote tulivipandisha ndani ya mikoko, kamba nne nne, nyingine ndefu kwa ajili ya maji yatakayopanda, kwa kuwa tufani inasukuma maji juu zaidi ya bamvua na kamba fupi inaweza kukizamisha chombo kikiwa kimefungwa. Mwezi huo huo kikapita kingine, Ialy, nje ya pwani ya Kenya. Viwili kwa mwezi mmoja, na Mei kwa kawaida ni mwezi ambao tulishajiona tumeponea msimu.

Tofauti ya kimbunga na kusi kwa mtu wa chombo ni hii: kusi ina upande. Unajua bandari ipi itakukinga. Kwenye kimbunga upepo hugeuka, na ghuba iliyokuwa shwari asubuhi jioni inakuwa mdomo wazi. Upande wetu wa dunia hivi vitu huzunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo ukisimama ukaukabili upepo, kitovu kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo. Hilo nimelifundisha mabaharia wangu wote, natumaini wasilihitaji.

Hata hivyo, nikipiga hesabu ya vyombo ninavyovijua vilivyopotea, vilivyoangamizwa na hewa peke yake ni vichache sana. Karibu kila kimoja kilikuwa kimezidishwa mzigo, na hewa ikamalizia. MV Spice Islander, iliyozama nje ya Nungwi Septemba 2011 ikija kwetu Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na sidhani ipo nyumba kisiwani isiyomjua mtu aliyekuwemo. Chombo kilichozama sana majini hakipandi wimbi, wimbi linakipita juu. Namba zote nilizoandika hapo juu ni za chombo kilichopakiwa kwa kiasi. Ukishazidisha, noti 14 si noti 14 tena.

Na kuzidisha mzigo kunatoka kwenye pesa, kama kuondoka siku mbaya kunavyotoka kwenye pesa. Nahodha anayelipwa kwa safari, akingoja siku tatu bahari itulie, nyumbani kwake hakuna sufuria jikoni. Mwenye mali anapiga simu kila saa. Mwenye chombo ananuna. Angalizo linasomwa redioni, lakini hakuna anayesoma nani atamlipa baharia wakati wa angalizo.

Kwetu kilichopunguza safari za kijinga kilikuwa mapatano ya nauli. Tulikaa na wafanyabiashara tunaowabebea, tukakubaliana mzigo uhesabiwe kwa wiki na si kwa siku, na mabaharia wapewe posho ya kungoja, ndogo lakini ipo. Jioni ya kabla ya safari mimi napiga simu Muheza kusema kesho ndiyo au kesho siyo, na machungwa hayachumwi mpaka niseme. Zamani yalikuwa yanafika bandarini kwanza, yanaanza kulainika juani, ndipo tunaanza kubishana kuhusu kaskazi. Wa saruji na mbao walikubali siku ile ile. Wa vitunguu alitusumbua msimu mmoja akaona hasara imepungua, akanyamaza. Kwa mwenye samaki wabichi bado hatujaelewana. Barafu yake inayeyuka kwa saa, yeye anataka kuondoka kwa saa yake, na mimi namwambia hiyo ndiyo saa ya upepo. Siku hizi mzigo wake huupeleka meli kubwa, na akikosa nafasi hunipigia mimi.